Mazingira ya Utamaduni: Uhakiki wa Kiswahili cha Maabara ya Bakteria

1. Utangulizi

Mwishoni mwa muhula uliopita tuliletewa mswada wa kurasa thelathini na mbili pamoja na ombi fupi: "Tafadhali pitieni Kiswahili tu, sayansi imekwisha kupitiwa." Mswada wenyewe ni mwongozo wa mazoezi ya maabara kwa wanafunzi wanaoanza kujifunza jinsi ya kuotesha, kutenga na kutambua bakteria. Umetafsiriwa kutoka Kifaransa, lugha ambayo wanafunzi wengi wa sayansi hapa Bujumbura wameisomea tangu shule ya sekondari. Kwa kuwa haujachapishwa, hatutamtaja mwandishi wala chuo chake. Tunamshukuru kwa kuturuhusu kuujadili katika kijarida hiki.

Katika ukurasa wa tatu tulikutana na sentensi hii: "Mwanafunzi atayarishe mazingira ya utamaduni na kuyamwaga ndani ya sahani." Mwenzetu mmoja anayefundisha fasihi simulizi aliuliza kama mswada huu haukupotea njia ukielekea kwake. Tulicheka sote. Msomaji anayejua Kifaransa atatambua mara moja kilichotokea. Mfasiri alikutana na *milieu de culture*, akafungua kamusi, akapata kwamba *milieu* ni mazingira na *culture* ni utamaduni, akaviunganisha kwa kihusishi. Kila neno limefasiriwa sawasawa, na fungu zima halina maana.

Hata hivyo, tulipofika ukurasa wa kumi na moja hatukucheka tena. Huko tulikuta makosa ambayo hayachekeshi na wala hayaonekani upesi, kwa kuwa sentensi zake ni za Kiswahili kinachopita. Lengo la makala haya ni kuonyesha kwamba makosa hayo ya kimyakimya ndiyo mabaya zaidi, na kwamba ombi la kupitia "Kiswahili tu" haliwezekani. Katika maabara, Kiswahili kikikosewa, sayansi nayo imekosewa.

2. Ubora wa mswada

Kabla ya kukosoa tuseme haki. Mwandishi amethubutu pale ambapo wengi wetu tumebaki kuhutubia makongamano. Hakuna nchi ya Afrika Mashariki ambayo haijawahi kusikia kauli kwamba Kiswahili kinaweza kufundishia sayansi. Ni wachache waliokaa chini wakaandika kurasa thelathini na mbili za kuithibitisha.

Aidha, sehemu ya kihistoria imeandikwa vizuri sana. Mwandishi anaeleza jinsi Robert Koch na wenzake huko Berlin walivyohangaika mwanzoni mwa miaka ya 1880 kutafuta kitu kigumu cha kuoteshea bakteria. Walianza na vipande vya viazi, kisha jelatini. Jelatini ilikuwa na kasoro mbili: iliyeyuka katika joto la mwili wa binadamu, na baadhi ya bakteria waliila ikawa maji. Aliyeleta suluhisho ni Fanny Hesse, mke na msaidizi wa daktari Walther Hesse, aliyekuwa akitumia agari jikoni kugandishia vyakula. Agari hutokana na mwani. Huyeyuka karibu na nyuzi 85 za Selsiasi na haigandi mpaka ishuke chini ya nyuzi 40, kwa hiyo katika nyuzi 37 hubaki imara. Miaka michache baadaye, mwaka 1887, Julius Richard Petri alibuni sahani yenye mfuniko inayoitwa kwa jina lake mpaka leo.

Tunapenda jinsi mwandishi alivyotumia neno "mwani" bila kusita. Ni neno la pwani, na mwanafunzi wa Bujumbura aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika huenda hajawahi kuuona mwani wa bahari. Lakini neno lipo, ni letu, na linaeleweka kwa maelezo ya sentensi moja. Nyongeza yetu ni moja tu: mwani unaolimwa kwa wingi Unguja na Pemba si ule wa agari. Ule hutoa karajini, ambayo ni jamaa ya agari lakini haifanyi kazi ileile katika sahani. Mwalimu asije akamwambia mwanafunzi kwamba sahani yake imetoka Paje.

3. Tatizo la nomino na tatizo la vitenzi

Mijadala yetu ya istilahi, tangu enzi za kamusi za sayansi zilizotolewa Dar es Salaam kama ile ya biolojia, fizikia na kemia ya mwaka 1990, imeelemea upande wa nomino. Tunabishana kama tuseme bakteria au vijidudu, hadubini au mikroskopu, agari au ugandishi. Mabishano haya yana faida yake. Lakini maabara si duka la majina, ni mahali pa kutenda. Mwanafunzi huchoma, hupoza, huchovya, hupaka, hufunika, hugeuza, husubiri, husoma. Mswada huu umefaulu katika nomino nyingi na kushindwa katika vitenzi.

Chukua mfano wa kitendo cha kwanza kabisa, yaani kuweka bakteria juu ya chakula chao. Kifaransa hapa kinatumia kitenzi cha mkulima, *ensemencer*, kupanda mbegu. Kitendo kinachofuata, cha kuchukua bakteria waliokwisha kuota na kuwahamishia katika sahani mpya, Kifaransa hukiita *repiquer*, yaani kuhamisha miche kutoka kitaluni. Mswada umetafsiri cha kwanza kuwa "kuingiza" na cha pili kuwa "kuingiza tena".

Hapa tulisikitika, kwa kuwa Kiswahili hakina njaa ya maneno ya shamba. Kutoka Bujumbura, ukielekea kaskazini katika bonde la Imbo, utapita katikati ya mashamba ya mpunga. Huko mkulima husia mbegu katika kitalu, husubiri miche ikomae, kisha huing'oa na kuiatika shambani kwa mistari. Kusia, kitalu, miche, kuatika: maneno manne, na kila moja lina kazi yake katika maabara. Sahani ya kwanza, ambamo bakteria wa kila aina wamechanganyika, ni kitalu. Kuchukua koloni moja kutoka sahani hiyo na kulihamishia katika sahani ya pili ni kuatika. Mwanafunzi wa Burundi, nchi ambayo watu wake wengi huishi kwa kilimo, hahitaji kuelezwa mara mbili kwa nini mche mmoja huatikwa peke yake na si kwa konzi. "Kuingiza tena" hakumwambii lolote.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo. *Milieu de culture* kiwe "chakula cha kuoteshea". Kinachoota humo kiwe "otesho", wingi "maotesho". Tayari katika hospitali za Tanzania mtu huambiwa kwamba mkojo wake "utaoteshwa", na hakuna mgonjwa anayedhani utapelekwa shambani. Kitenzi kinachotumiwa na watu kinatutosha.

4. Kitanzi kilichochoma

Sasa tufike ukurasa wa kumi na moja. Mswada unaeleza jinsi ya kutumia waya wenye kitanzi kuchukulia bakteria. Unasema hivi: "Kuchoma kitanzi katika moto na kuchukua koloni na kuchora mistari juu ya agari."

Kisarufi, hili ni jambo dogo. Miongozo ya Kifaransa hutoa maagizo kwa kitenzi-jina, na mfasiri amefuata. Lakini Kiswahili hakiagizi kwa "ku-". Orodha ya "kuchoma, kuchukua, kuchora" katika Kiswahili ni orodha ya mada, si ya amri. Kuagiza tunasema "choma", au kwa upole zaidi "uchome". Tatizo kubwa zaidi ni kiunganishi "na". Katika "kuchoma na kuchukua" hakuna kitangulizi wala kifuatio, na hakuna muda kati ya kitendo na kitendo. Mtu anaweza kuyafanya yote kwa pumzi moja.

Tuliomba kuhudhuria zoezi lenyewe. Wanafunzi waligawanywa katika vikundi sita, kila kikundi sahani moja, wakitumia aina ya *Escherichia coli* isiyodhuru ambayo hutumiwa kufundishia. Mwalimu alitaka kuujaribu mwongozo, hivyo akakaa kimya na kuwaacha waufuate kama ulivyo. Walichoma kitanzi mpaka kikawa chekundu, na mara moja wakakigusisha kwenye koloni. Tuliokuwa karibu tulisikia sauti ndogo ya kuchoma, kama ya tone la mafuta. Kesho yake, baada ya sahani kukaa katika kabati la joto kwenye nyuzi 37, sahani nne kati ya sita hazikuwa na kitu. Bakteria waliuawa na waya uliokuwa bado wa moto. Vikundi viwili vilivyofaulu vilikuwa na mwanafunzi aliyewahi kufanya zoezi hilo mahali pengine, akajua kusubiri.

Katika mswada wa Kifaransa, ambao mwandishi alitukabidhi baadaye, neno la kupoza kitanzi lipo. Lilipotea njiani. Tunadhani halikupotea kwa uzembe. Lilipotea kwa sababu sentensi ya "ku- na ku- na ku-" haina mahali pa kuliweka. Lakini Kiswahili kina viambishi ambavyo kazi yake ni hii hasa. Tazama: "Choma kitanzi mpaka kiwe chekundu. Kikishapoa, chukua koloni moja." Kiambishi "-ki-" kikifuatwa na "-sha-" kinamzuia mwanafunzi mlangoni: huruhusiwi kupita mpaka kitendo cha kwanza kimekamilika. Hatuhitaji istilahi mpya hapa. Tunahitaji sarufi tunayoifundisha kila Jumatatu asubuhi.

5. Safi tatu

Kasoro ya pili inahusu kivumishi kimoja. Tulihesabu neno "safi" katika mswada, tukalikuta mara arobaini na moja. Limetumika kwa meza iliyofutwa, kwa bilauri iliyooshwa, kwa chakula cha kuoteshea kilichotoka katika mtungi wa mvuke wa nyuzi 121, na kwa otesho lenye bakteria wa aina moja tu. Hivi si vitu vya namna moja.

Bilauri iliyooshwa kwa sabuni ni safi, yaani haina uchafu unaoonekana, lakini ina bakteria wengi. Chakula kilichokaa katika mvuke wenye mgandamizo kwa dakika 15 hakina kiumbe hai hata kimoja. Otesho la aina moja, kinyume chake, limejaa viumbe hai kwa mamilioni, ila wote ni wa ukoo mmoja. Mwanafunzi anaposoma "hakikisha sahani ni safi", atafanya lipi kati ya matatu? Ataiosha? Ataichemsha? Au ataangalia kama makoloni yote yanafanana?

Kwa hali ya kwanza "safi" linatosha. Kwa hali ya pili baadhi ya wenzetu hupendekeza "tasa". Neno hili lina mantiki, kwani lililo tasa halizai, lakini katika jamii yetu neno hilo limebeba machozi ya wanawake wengi, na tungependa maabara isiliongezee mzigo. "Iliyotakaswa" linafaa: linaonyesha kwamba kuna tendo lililofanywa na mtu, na kwamba tendo hilo linaweza kutenguliwa kwa kufungua mfuniko. Kwa hali ya tatu tuseme wazi: "otesho la aina moja".

Kuhusu neno "koloni" lenyewe, wanafunzi walitabasamu. Katika Burundi koloni ni habari ya Wajerumani na Wabelgiji. Tungeweza kulikataa kwa sababu hiyo, lakini tunaona libaki, kwa kuwa limekwisha kuenea. Ila mwalimu alieleze kwa neno "ukoo": kila kidoto kinachoonekana juu ya agari kimetokana na bakteria mmoja aliyetua hapo na kugawanyika, akazaa wawili, wanne, wanane, mpaka jicho likauona ukoo wake. Ndiyo maana tunachora mistari kwa kitanzi, tukiwapunguza kila mstari, mpaka mwishoni mwa mstari wa mwisho wawe wametawanyika mmoja mmoja.

Kuna neno moja tulilomwomba mwandishi aliondoe kabisa. Kwa kitendo cha kutenganisha aina moja na nyingine ametumia "kubagua". Kamusi inamruhusu. Lakini tunaandika Bujumbura, ambako watu wanajua maana ya kubaguliwa bila kufungua kamusi. "Kutenga" kunatosha.

6. Bakteria wa, bakteria ya, vimelea vya

Katika ukurasa mmoja, wa kumi na tisa, tulisoma "bakteria wameota", "bakteria imegeuka rangi" na "vimelea hivi vina umbo la fimbo". Mwandishi alikuwa akizungumzia kiumbe kilekile. Wanafunzi wawili tuliowauliza walidhani ni vitu vitatu tofauti.

Suala la upatanisho hapa si dogo. Bakteria ni kiumbe hai, lakini si mnyama wala mmea. Sarufi yetu huwapa wanyama "a-/wa-", na miti na mimea huipa ngeli zake. Haikujiandaa kwa kiumbe wa aina ya tatu. Ndiyo maana "virusi" walipoingia katika lugha walipewa "vi-" ya "vitu", na umoja wao ukawa "kirusi", kana kwamba neno lilitoka Kilwa na si katika Kilatini. Kwa bakteria sisi tunapendelea "wa-", kwa sababu wanakula, wanazaa na wanakufa, na zoezi zima la maabara linategemea mambo hayo matatu. Anayependelea "ya" hatutamshika shati, mradi asibadilike katikati ya ukurasa.

"Vimelea" ni jambo jingine. Neno hili linatokana na kumea, kuota juu ya mwingine, na kiini cha maana yake ni unyonyaji. Bakteria wanaogandisha mtindi hawamnyonyi mtu. Wengi wa bakteria katika udongo wa kilima cha Mutanga hawajawahi kumdhuru mwanadamu yeyote. Tukiwaita wote vimelea tutakuwa tumewahukumu kabla hatujawapima, na kupima ndiyo kazi ya somo hili. Mtaani Buyenzi tunasikia "mikrobi", jirani zetu wa Kirundi husema "umugera". Maneno hayo ya mtaani yana nafasi yake mwalimu anapoanza kueleza. Katika mwongozo tubaki na bakteria.

7. Hasi na chanya

Hans Christian Gram alibuni mwaka 1884 njia ya kupaka bakteria rangi ambayo bado ndiyo hatua ya kwanza ya utambuzi. Bakteria walio juu ya kioo hupakwa rangi ya zambarau, kisha iodini, kisha huoshwa kwa alkoholi, kisha hupakwa rangi nyekundu. Wenye ukuta mnene hushikilia zambarau, nao huitwa Gram chanya. Wengine huipoteza wakabaki na wekundu, nao huitwa Gram hasi.

Mswada umeeleza hatua hizi kwa usahihi. Kasoro imo katika fomu ya matokeo iliyo mwishoni, yenye safu moja tu inayosomeka "Matokeo: hasi/chanya". Katika safu hiyo mwanafunzi mmoja aliandika "hasi" akimaanisha rangi ya Gram. Mwenzake aliyesoma fomu alielewa kwamba hakukuwa na bakteria. Tumuulize msomaji: katika chumba cha mafunzo hili ni kosa la alama mbili. Katika zahanati ni nini? Bakteria wa kipindupindu ni Gram hasi. Wa kuhara damu ni Gram hasi. Neno linalomaanisha "yupo, na rangi yake ni nyekundu" halipaswi kukaa katika kisanduku kimoja na neno linalomaanisha "hayupo". Dawa yake ni rahisi: safu mbili, moja ya "kilichoota", nyingine ya "rangi ya Gram".

8. Hawakuota na hawajaota

Tumeliacha la mwisho lililo zito kuliko yote. Kiolezo cha taarifa katika mswada kinampa mwanafunzi sentensi ya kuandika sahani inapokuwa tupu: "Hakuna bakteria." Sentensi ni fupi, ni sahihi kisarufi, na mara nyingi si ya kweli.

Sahani tupu inatuambia kwamba katika chakula hiki, katika joto hili, kwa muda huu, hakuna kilichoota. Huenda kitanzi kilikuwa cha moto. Huenda sampuli ilichelewa njiani, au mgonjwa alikwisha kumeza dawa. Huenda muda haujatosha: *Escherichia coli* huonekana baada ya saa 18 hadi 24, lakini bakteria wa kifua kikuu huhitaji majuma kadhaa. Mwenye kusema "hakuna bakteria" amevuka ushahidi wake.

Hapa ndipo Kiswahili kinapomsaidia mwanasayansi kwa namna ambayo sisi walimu wa lugha hatujaitangaza vya kutosha. Tuna kanushi mbili zilizo tofauti kabisa. "Hawakuota" hufunga mlango: muda umekwisha, jibu limetoka. "Hawajaota" huuacha wazi: hadi sasa hapana, tuendelee kutazama. Kifaransa hulazimika kuongeza neno zima ili kusema "bado". Sisi tunalo ndani ya kitenzi, silabi moja tu. Taarifa ya siku ya pili ya otesho la makohozi ni "hawajaota". Taarifa ya juma la nane inaweza kuwa "hawakuota". Mwanafunzi anayechanganya "-ja-" na "-ku-" katika insha hupunguziwa alama. Akichanganya katika fomu ya maabara, mgonjwa huambiwa arudi nyumbani.

Hatusemi haya kwa kutia chumvi. Kuanzia mwaka 1979 ugonjwa wa kuhara damu unaoletwa na *Shigella dysenteriae* aina ya 1 ulienea kutoka mashariki ya Kongo hadi Rwanda, Burundi na Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilibainika hapa Burundi kwamba bakteria hao walikuwa sugu kwa dawa zote za kumeza zilizopatikana nchini wakati huo. Usugu huo haujulikani kwa kumtazama mgonjwa. Hujulikana kwa kuotesha, kutenga otesho la aina moja, na kulijaribu kwa dawa moja baada ya nyingine. Tena, tarehe 1 Januari 2023 Burundi ilitangaza mlipuko wa kipindupindu katika maeneo ya Bujumbura. Katika kipindupindu mtaalamu husia sampuli katika chakula maalumu cha rangi ya kijani, na akiona makoloni ya manjano huanza kushuku. Anashuku tu, kwani bado ana vipimo vingine vya kufanya kabla hajataja jina. Kushuku, kuthibitisha, kukanusha, kusubiri: hivi vyote ni vitenzi, na kila kimoja kinataka njeo yake.

9. Je, kuna haja?

Wako wenzetu watakaosema: sayansi ya chuo kikuu inafundishwa kwa Kifaransa, na Kiingereza kinakuja kwa kasi. Kiswahili cha bakteria ni cha nini? Hatuoni kwamba Kifaransa kitaondoka maabara mwakani, wala hatuombi kiondoke. Lakini tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, wahitimu wetu wanafanya kazi bega kwa bega na wenzao wa Kigoma na Mwanza. Ng'ambo ya mpaka, Uvira, Kiswahili ndicho lugha ya soko na zahanati. Ugonjwa unaosafiri kwa maji ya Ziwa Tanganyika haubadili lugha katikati ya ziwa. Na hata hapa mjini, karatasi ya majibu iliyoandikwa kwa Kifaransa hufafanuliwa kwa mdomo, dirishani, kwa Kirundi au Kiswahili. Tafsiri ile ya dirishani hufanywa na mtu aliyechoka, bila kamusi, foleni ikimsubiri. Sisi tunaofundisha lugha kwa utulivu tuna deni kwake.

10. Hitimisho

Tumerudisha mswada kwa mwandishi ukiwa na wino mwingi. Tumependekeza maagizo yote yaandikwe kwa kauli ya kuamrisha, "-kisha-" itumike kila penye kusubiri, "safi" igawanywe mara tatu, fomu ipewe safu mbili, na "hakuna bakteria" iondolewe. Tumependekeza pia kwamba kabla mwongozo haujachapishwa, wapewe wanafunzi ambao hawajawahi kushika kitanzi, waufuate neno kwa neno, mwalimu akiwa amenyamaza. Sahani zao ndizo zitakazotoa uhakiki wa mwisho.

Kwa idara yetu tunalo ombi moja. Mwalimu wa sarufi anayetafuta mifano ya "-ja-" na "-ku-" asiishie kwa Juma ambaye hajafika na Asha ambaye hakuja. Aende maabara na wanafunzi wake, avae koti jeupe, achungulie katika hadubini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwandishi ametualika kwa zoezi la pili muhula ujao, kwa mwongozo uliorekebishwa. Sahani zitakuwa sita kama awali. Tutawaarifu zilizoota.